Walii Aliyekwenda Kutembea: Siku Tano za Omani Kabla ya Ndoa

  

Ndugu zangu Waislamu, zamani harusi iliitwa kwa mwalishi. Alipita nyumba hadi nyumba, akabisha hodi, akamtaja mwenye shughuli na siku yake, akaenda zake. Siku hizi mwaliko huja kwa simu kutoka London, Toronto, Dubai au Maskati, na anayealikwa hulazimika kuhesabu nauli kabla ya kusema inshaallah. Kuitikia mwaliko wa karamu ya ndoa ni jambo alilolihimiza sana Mtume (S.A.W.), na wanazuoni wengi wameliweka katika daraja la wajibu kwa mtu asiye na udhuru. Umbali mkubwa na gharama isiyobebeka ni udhuru unaokubalika. Hakuna aliyeamrishwa kuuza kitanda ili akale biriani ng'ambo.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye ndoa haiwezi kupita bila yeye au idhini yake, naye ni walii wa bibi harusi. Habari ninayoisimulia leo ni ya mtu huyo. Ni rafiki yangu tangu chuoni, tulipokuwa tukisoma juzuu kwenye jamvi moja huko Unguja. Ameniruhusu kuiandika kwa sharti kwamba nisimtaje jina, wala nisiwataje jamaa zake. Nitamwita mwenzetu, basi.

Kaka yake aliondoka Unguja katika miaka ya 1970. Msomaji atakumbuka kwamba Sultani Qaboos bin Said alishika utawala wa Omani mwaka 1970 na kuwaita watu wenye asili ya nchi ile waliokuwa nje warudi kuijenga. Wengi walitoka Afrika Mashariki, wakaenda na Kiswahili chao, na hadi leo ukikaa katika baraza fulani za Maskati utasahau kwamba umevuka bahari. Huyo kaka alipata kazi, akaoa, akajaaliwa binti mmoja. Miaka minne iliyopita alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Binti alipoposwa likaja suala la walii. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, wa kwanza ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume wa kwa baba na mama, kisha ndugu wa kwa baba, kisha watoto wao wa kiume, ndipo ifike zamu ya ami. Baba na babu walikuwa wamekwisha tangulia mbele ya haki, na ndugu wa kiume hakuwa naye. Aliyebaki ni ami yake, mwenzetu.

Alinijia nyumbani baada ya sala ya Isha kunieleza. Nilimwambia, na napenda familia zetu zilijue hili, kwamba walii halazimiki kusafiri. Sheria inamruhusu kumwakilisha mtu mwaminifu aliyeko huko amwozeshe binti kwa niaba yake, na uwakilishi huo ukithibitishwa vyema ndoa inakuwa sahihi. Nauli ya watu watatu ingeweza kuwa sehemu ya mtaji wa maharusi. Akanijibu kwamba mama wa binti amekataa uwakilishi. Amesema binti yake hana baba wala kaka, na siku hiyo anataka aone mtu wa damu yake ameketi mbele ya bwana harusi.

“Nitakwenda,” akasema, “lakini twende pamoja, wewe na Mwalimu. Tutembee kidogo, tuione nchi, kisha tuoze turudi.”

Neno hilo la kutembea nililichukua kuwa la furaha.

Mwalimu ni mwenzetu wa tatu, amefundisha jiografia miaka thelathini na sasa amestaafu. Kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ameagiza watu watatu wanapotoka safarini wamteue mmoja wao awe kiongozi, tulimteua yeye, kwa sababu ndiye anayejua kusoma ramani. Kabla ya kuondoka niliwakumbusha ada za msafiri: kuwaachia ahali matumizi ya kutosha, kuandika wasia, kurejesha amana za watu na kulipa madeni au kuyaaga kwa wenyewe. Mwalimu alikuwa na deni la muuza duka, akalilipa. Mwenzetu alijibu upesi sana kwamba yeye hadaiwi na mtu.

Tulifika Maskati siku ya Jumamosi, na ndoa ilipangwa Ijumaa inayofuata, baada ya Alasiri. Tulifikia Seeb, nje kidogo ya mji, kwa mwanachuo mwenzetu wa zamani aliyehamia huko. Mama wa binti alitaka tufikie kwake, na vyumba alikuwa amekwisha tandika, lakini mwenzetu alisema nyumba yenye harusi haifai kuongezewa wageni. Kwa dhahiri yake ni adabu njema. Mgeni ana haki ya siku tatu, na Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kukaa kwa mwenyeji wake mpaka amtie dhiki. Nilimsifu kwa hilo.

Jumapili tulikwenda Matrah. Bandari yake imekumbatiwa na majabali meusi, na soko lake limeezekwa juu, vichochoro vyake vimejaa harufu ya ubani wa Dhofar. Muuza ubani mmoja alitusikia tukinong'onezana kuhusu bei, akatujibu kwa Kiswahili safi cha Pemba, tukaona haya. Kutoka hapo tulifika Maskati yenyewe ya zamani, ambako ngome mbili za Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno katika karne ya 16, zinatazamana juu ya maji. Mwalimu akatusimamisha juani akatusomesha: Wareno waliondolewa Maskati mwaka 1650 na Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi, mwanawe, Imamu Seif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698, baada ya mazingira ya karibu miaka mitatu. Mwenzetu alisikiliza kwa makini kuliko nilivyomzoea, akauliza maswali, akataka turudi tena kesho yake.

Jioni niliuliza kama tupite kwa shemeji yake kutoa salamu. Akasema tumechoka, kesho.

Jumatatu ilikuwa zamu ya Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Nimeingia misikiti mingi katika umri wangu, lakini ule ulinisimamisha mlangoni. Zulia la ukumbi mkuu lilifumwa kwa mkono na mafundi wa Kiirani kwa muda wa miaka minne. Lina uzito wa tani 21 na mafundo bilioni 1.7. Taa yake kuu inayoning'inia ina urefu wa meta 14. Wageni wa kila dini walikuwa wakiingia kwa staha asubuhi ile, kila mmoja na simu yake ya kupigia picha, na nilisikitika kidogo kuona vijana wetu Waislamu wakijipiga picha mihirabuni bila hata ya kusali rakaa mbili za maamkizi ya msikiti. Mwenzetu alizisali. Alikaa kwenye sijida ya mwisho muda mrefu mpaka Mwalimu akanitazama.

Jioni ile pia hakwenda kwa shemeji yake. Alisema tumbo linamsumbua.

Jumanne mchana simu yangu ililia. Alikuwa mama wa binti. Aliniamkia, akauliza hali za safari na za nyumbani, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Sheikh, samahani sana. Huyu shemeji yangu amekuja kuoza au amekuja kutembea? Mtoto wangu ananiuliza kila magharibi kama ami yake keshafika nchini.”

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Na lilikuwako jambo jingine la kisheria ambalo muda wake ulikuwa unayoyoma. Walii asiyekuwa baba wala babu hana mamlaka ya kumwoza binti bila ya ridhaa yake. Ilimpasa akae naye, amuulize, amsikie, ajue mahari aliyokubali na masharti aliyoyataka. Ami hawezi kushuka kwenye gari saa ya ndoa, akatamka maneno, akapanda gari. Nilimweleza hayo. Akasema kweli, Sheikh, kweli kabisa. Lakini gari la kwenda Nizwa limekwisha kodiwa kwa kesho, na babu yake mzaa baba alitoka pande zile akaja Unguja kwa jahazi, naye hataki kufa bila ya kuziona. Tukirudi ataenda moja kwa moja. Mwalimu, aliyekuwa akiisubiri Nizwa kuliko harusi yenyewe, alitoa uamuzi kwamba twende.

Nizwa iko takriban kilomita 150 kutoka Maskati, ndani ya nchi, kwenye mitende na majabali. Hapo tukawa wasafiri kwa mara ya pili. Kule Seeb tulikuwa tukisali sala kamili, kwa kuwa tulinuia kukaa zaidi ya siku nne. Njiani kwenda Nizwa tukapunguza na kukusanya. Wenyeji wetu Maibadhi wana kauli pana zaidi katika mlango huu. Kwao mtu hubaki msafiri, hata akikaa muda mrefu, maadamu hakuufanya mji ule kuwa makazi yake. Tulilijadili jambo hilo garini kwa furaha kama tulivyokuwa tukijadiliana ujanani, na kwa saa nzima mwenzetu alikuwa yule ninayemjua.

Ngome ya Nizwa ilijengwa na yule yule Imamu Sultan bin Seif aliyeikomboa Maskati. Mnara wake ni wa duara, mnene kama kilima, na husimuliwa kwamba ujenzi ulichukua miaka 12. Ukipanda ngazi zake unapita mlango baada ya mlango, na juu ya kila mlango liko tundu ambalo walinzi walimwagia maadui asali ya tende iliyochemshwa. Tuliona pia chumba yalimorundikwa magunia ya tende, yakikamuana yenyewe kwa uzito wao, na vijifereji sakafuni vya kuipokea asali hiyo. Mwalimu aliandika kila kitu katika daftari lake.

Tulilala huko. Baada ya chakula mwenzetu akaja na shauri jipya. Nizwa ina soko la mifugo la Ijumaa asubuhi, ambako mbuzi na ng'ombe hutembezwa katika duara na kunadiwa, na watu hutoka mbali kulitazama. Kesho, Alhamisi, twende milimani. Tulale tena Nizwa. Ijumaa alfajiri tuone soko, tusali Ijumaa njiani, na Alasiri tutakuwa tumefika. “Barabara ni nzuri,” alisema. “Saa mbili tu.”

Nilikasirika. Nilimwambia gurudumu moja likipasuka, binti wa watu atakaa na hina yake mikononi akimsubiri walii anayetazama mbuzi. Mwalimu naye safari hii alinyamaza, halafu akasema kama amiri kwamba Alhamisi usiku tutalala Seeb, na soko hatutaliona. Mwenzetu hakubisha. Alitoka nje, nami nikamsikia akitembea uani mpaka usiku wa manane.

Alhamisi asubuhi tulipitia kwanza Falaj Daris, pale pale Nizwa. Falaj ni mfereji wa maji. Omani ina mifereji ya namna hii inayofanya kazi ipatayo elfu tatu, na mitano kati yake, Daris ukiwa mmojawapo, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ile inayovuta maji kutoka chini ya ardhi huitwa Daudi, na wenyeji wana hadithi kwamba Nabii Sulaiman mwana wa Daud (A.S.) alipita nchini mwao akawaamuru majini waichimbe. Kisha tukapanda kwenda kijiji cha Misfat al-Abriyyin, ambacho nyumba zake za mawe na udongo zimeng'ang'ania mgongo wa jabali, na maji ya falaj hupita katikati yake kwa sauti ndogo, yakishuka ngazi baada ya ngazi kwenye mitende na ndimu.

Hapo tulimkuta mzee amekaa kivulini, akatukaribisha tende na kahawa. Alikwisha wahi kuishi Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Tulimuuliza maji haya ni ya nani. Swali hilo lilimfurahisha. Maji, alisema, kwanza ni ya kila mtu: yanapotokea huchotwa ya kunywa, kisha hupita msikitini, kisha mahali pa kuogea, na baada ya hapo ndipo huingia mashambani, na huko kila tone lina mwenyewe. Zamu huhesabiwa kwa kipimo kiitwacho athari, ambacho ni karibu nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa nyota; siku hizi wengi hutumia saa ya mkononi. Zamu huuzwa, hukodishwa, huwekwa wakfu kwa msikiti au chuo, na hurithiwa. Mtu akifa, alisema mzee, nusu saa yake hugawanywa kwa warithi kama inavyogawanywa nyumba.

“Na ndugu mmoja akimwagilia kwa zamu ya mwenzake?” Mwenzetu ndiye aliyeuliza.

“Maji hayarudi nyuma, mwanangu,” mzee akajibu. “Atalipa kwa zamu yake mwenyewe, siku nyingine.” Kisha akamimina kahawa tena.

Tulipokuwa tukishuka kuelekea garini mwenzetu alikaa juu ya jiwe, akaniita nikae. Akaniuliza: “Sheikh, unayakumbuka maneno tuliyosoma chuoni kuhusu walii asiye mwadilifu?” Niliyakumbuka. Katika madhehebu yetu uko mjadala mrefu kama mtu fasiki anaweza kuwa walii, na kauli iliyo mashuhuri kwao ni kwamba hawezi, ingawa wengine wameilegeza. “Basi mimi,” akasema, “siwezi kumwangalia yule mtoto. Nina fedha yake mfukoni miaka minne. Na ya baba yake miaka kumi na moja kabla ya hapo.”

Baba yao alikufa miaka kumi na mitano iliyopita akaacha nyumba katika Mji Mkongwe, juu vyumba na chini duka. Warithi walikuwa wao wawili tu, kila mmoja nusu. Kaka yuko Maskati, mdogo yuko Unguja. Mdogo akapokea kodi, akatengeneza paa, akakimbizana na mafundi. Mwaka wa tatu kaka aliandika barua kwa upole akiomba hesabu. Mwenzetu akamjibu kwa simu: “Mimi huku nameza vumbi, wewe umekaa kwenye kiyoyozi, leo unataka hesabu?” Hawakusemezana tena. Habari ya msiba aliipata kwa mtu mwingine, akafunga duka siku tatu, akalia. Kodi akaendelea kuipokea.

Mimi niliyemjua miaka yote hiyo nilikuwa nikiamini nyumba ile ni yake peke yake. Sikupata kumuuliza. Wangapi kati yetu, masheikh na maimamu, tunakaa barazani kwa watu bila ya kuuliza baraza ni ya nani?

Tulikaa kwenye jiwe lile tukagawa, na Mwalimu akatoa daftari lake. Nusu ya marehemu kaka inagawanywa mafungu manane, kwa kuwa hakuacha wasia wala deni. Mjane, kwa kuwa yuko mtoto, anapata thumuni, yaani fungu moja. Binti mmoja anapata nusu, yaani manne. Matatu yaliyobaki yanamrudia ndugu wa kiume kama asaba. Ukiifanya nyumba nzima kuwa mafungu 16, basi mwenzetu ana 11, binti ana 4 na mjane 1. Hivyo ndivyo inavyogawanywa kodi ya miaka minne ya mwisho. Ama kodi ya miaka kumi na moja ya mwanzo, nusu yake ilikuwa haki ya kaka alipokuwa hai. Ni deni linaloingia katika mirathi yake na kugawanywa manne, moja na matatu. Gharama za paa na mafundi, zile zenye ushahidi, zinatolewa kwanza, kwa kuwa kila mshirika hubeba sehemu yake. Mwenzetu alikuwa na risiti nyingi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa akizihifadhi kwa ajili ya ugomvi ambao mwenziwe hakuishi kuuendeleza.

Alipoona jumla yake akasema atampa binti sehemu ya fedha ile kesho, mbele ya watu, iwe zawadi ya harusi. Nilimkatalia. Deni halilipwi kwa jina la zawadi. Mwenye haki hapaswi kushukuru anapopewa chake, na wageni hawapaswi kumpigia makofi mlipaji. Kama anataka kutoa zawadi, aitoe katika mafungu yake 11. Na kuhusu uwalii, nilimwambia kwamba wapo wanazuoni wa madhehebu yetu waliobainisha kuwa fasiki akitubu anaweza kuozesha papo hapo. Lakini toba ya haki ya mja ina sharti la kuirudisha au kusamehewa na mwenyewe, na mwenyewe yuko Maskati, siyo hapa kwenye jiwe.

Tulifika kwa shemeji yake saa tatu na nusu usiku, na vumbi la milimani bado miguuni. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, udi unafuka. Tulipewa chumba cha pembeni. Mama akaja, na binti akaja akiwa amejitanda, hina imekwisha kauka. Mwenzetu alisimama akasema, “Shemeji, nimechelewa,” halafu maneno yakamwishia, ikabidi mimi nieleze na Mwalimu afungue daftari.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia kwamba walijua. Marehemu alikuwa akiweka nakala ya barua yake, na kabla ya kufa alimuusia mkewe asimdai ndugu yake mahakamani. “Hatukukuita kwa ajili ya nyumba, shemeji. Tulikuita kwa sababu huna badali.”

Nilidhani jambo limekwisha kwa msamaha na machozi, kama yanavyokwisha mambo mengi katika familia zetu, kisha miaka ikapita na watoto wakaja kugombana upya. Lakini binti, ambaye kazi yake ni ya uhasibu, akainua kichwa. “Kuchelewa nimekusamehe, ami,” alisema. “Lakini kwa kuwa umeitaja nyumba, tuiandike.”

Ikaandikwa usiku ule, wakati ngoma ya wanawake inalia ukumbini. Fungu la binti na la mama yake katika nyumba. Kiasi cha kodi iliyopita, baada ya kutoa matengenezo. Malipo kwa awamu za miezi mitatu mitatu. Na kuanzia mwezi ule mpangaji wa duka atapeleka sehemu yao moja kwa moja. Mama alitaka kusamehe fungu lake. Nikamshauri asubiri, asiamue usiku wa harusi moyo ukiwa laini. Haki yake ipo hata mwakani akitaka kuisamehe. Mimi na Mwalimu tukatia saini kuwa mashahidi. Ndipo mwenzetu akamwuliza binti kama ameridhika na mume huyu, mahari haya na masharti haya. Akajibu kwa ulimi wake kwamba ameridhika, ingawa kwa mwanamwali baadhi ya wanazuoni hutosheka na ukimya.

Ijumaa baada ya Alasiri tuliketi majlisini. Mwandishi wa ndoa aliyeidhinishwa na serikali alihakiki karatasi za pande zote mbili, khutba ikasomwa, na mwenzetu akashikana mkono na bwana harusi. Alitamka ijabu kwa Kiarabu kama tulivyofundishwa, akasita mara moja kwenye jina la kaka yake, kwa kuwa ilimpasa kusema “binti fulani bin fulani”, kisha akalimaliza. Kabuli ikafuata. Ikaletwa halua ya Kiomani yenye zafarani na iliki, ikaja kahawa, na watu wakapeana mikono ya baraka.

Safari yetu ya kurudi ilikuwa Jumapili. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, na kwamba aliyemaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa ahali zake, nasi ndege za mapema hazikuwa na nafasi. Ikabaki Jumamosi nzima. Mwalimu alikuwa amepanga tangu Unguja kwamba siku hiyo tutapanda Jabal Akhdar, mlima wa mawaridi na makomamanga, ambao gari lisilo la milimani haliruhusiwi kuupanda. Mwenzetu akaomba badala yake apelekwe makaburini. Mwenyeji wetu alilijua kaburi. Huko mengi hayaandikwi majina. Ni jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, na asiyeonyeshwa hawezi kulipata. Tulisimama, tukatoa salamu kwa watu wa makaburi, tukamwombea. Mwenzetu akabaki nyuma, nasi tukamsubiri garini karibu saa nzima.

Malipo ya awamu ya kwanza yamekwisha fika Maskati, na nakala ya karatasi ninayo. Mwalimu alirudi bila ya kuuona Jabal Akhdar. Tukikaa barazani bado anautaja.